Karavani, joto na milima ya Flinders: gari likianza kulalamika, tafuta hapa

Barabara ya kutoka Port Augusta kwenda Quorn inapenya kwenye pengo la Pichi Richi, na mtu aliyewahi kupanda mlima Kitonga kule Iringa nyuma ya lori la mizigo ataiona ni kilima cha kawaida tu. Lakini Januari au Februari, joto likiwa 41, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, upepo wa kaskazini unakupiga usoni na nyuma umefunga karavani ya tani mbili, kilima hicho kinatosha kufichua ugonjwa ambao gari limekuja nao tangu Adelaide. Hapo ndipo simu zinapoanza kuingia: "Kaka, gari limechemsha, nifanyeje?"

Nimeandika haya kwa ajili ya familia zetu za hapa Australia Kusini, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, wanaokodi karavani au kununua ya mtumba na kuelekea Flinders watoto wakifunga shule. Wengi tunaenda Januari kwa sababu ndiyo likizo tuliyo nayo, ingawa wenyeji wanapendelea Aprili hadi Oktoba, na wana haki. Nataka ufike Ikara, lile bakuli kubwa la miamba ambalo ramani inaliita pia Wilpena Pound. Kwa Waadnyamathanha, wenye nchi hiyo, jina Ikara maana yake ni mahali pa kukutania. Ufike ukiwa umeshika usukani wako mwenyewe, siyo umekaa kwenye kiti cha abiria cha lori la kuvuta magari mabovu.

Kanuni moja kwanza, kwa kuwa kila kitu kilichoko hapa chini kinaitegemea. Dalili ikitokea, badilisha kitu kimoja, subiri dakika mbili, kisha tazama. Mtu aliyeshikwa na hofu huzima kiyoyozi, hupunguza mwendo, husimama, hufungua boneti na kumwagia injini maji, yote ndani ya dakika moja. Gari linapoa, safari inaendelea, ila hajui alichotibu. Kesho yake saa nane mchana, ugonjwa uko palepale.

Mshale wa joto unapanda

Swali la kwanza ni unapanda lini. Mlimani tu? Kwenye tambarare ukiwa kasi? Au ukiwa umesimama? Majibu hayo matatu yana mafundi watatu tofauti.

Mshale ukipanda mlimani tu na kushuka wenyewe mara unapofika juu, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mfumo wa kupooza umefika ukingoni kwa sababu ya mzigo. Zima kiyoyozi, na kizime hicho peke yake, halafu subiri. Kiyoyozi kinamwaga joto lake mbele ya rejeta, kwa hiyo hewa inayofika kwenye rejeta imeshachemka tayari. Kama mshale haukurudi, shuka gia moja na upunguze mwendo hadi 60 au 70. Wengi hukataa kushuka gia wakidhani injini ikilia zaidi itachemka zaidi. Ni kinyume chake. Injini inayosukumwa kwa gia kubwa na mizunguko michache inatoa joto jingi, huku pampu ya maji na feni vikizunguka kivivu. Iache izunguke mara 2,500 au 3,000 kwa dakika, maji yatembee.

Mshale ukipanda kwenye tambarare ukiwa kwenye 100 kwa saa, hewa haipiti kwenye rejeta au maji hayapiti ndani yake. Anza na hewa, kwa sababu hiyo unaikagua bure. Piga magoti mbele ya gari na tochi uchungulie katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Wengi husafisha uso wa mbele tu, na katikati pale kunabaki blanketi la mbegu za nyasi, mabawa ya panzi na vumbi jekundu lililoshikana kama udongo wa mfinyanzi. Osha kwa maji ya kawaida ukitokea upande wa injini kwenda mbele, kwa mkono mwepesi. Mashine ya presha ya kuoshea magari hulaza mapezi ya rejeta, na pezi lililolala halipitishi hewa tena. Kama kote ni safi na mshale bado unapanda, rejeta imeziba kwa ndani au thamostati haifunguki yote. Hilo ni la gereji.

Mshale ukipanda gari likiwa limesimama na kushuka likitembea, shuku feni. Kama ni ya umeme, washa kiyoyozi na usikilize: kwa magari mengi inapaswa kuanza kuvuma. Kama ni ile inayozungushwa na mkanda, zima injini, iache ipoe, kisha izungushe kwa mkono. Nzima hukuzuia kidogo, kama inazunguka ndani ya asali. Ikizunguka bure kama kitiara cha mtoto, kilachi chake kimekwisha.

Ipo dalili moja inayodanganya watu, na naomba uishike vizuri. Mshale unapanda kwa kasi, halafu ghafla unaanguka hadi kwenye baridi. Dereva anashukuru Mungu na kuendelea. Fungua hita. Ikipuliza hewa baridi wakati injini imetoka kuchemka, maji yamekwisha: kihisi cha joto sasa kinapima hewa, na hakuna maji ya moto yanayofika kwenye hita. Simama papo hapo na uzime injini. Kilomita tatu zaidi zinatosha kupinda silinda hedi.

Ya mwisho ni ile ya asubuhi. Injini imelala usiku kucha, umeamka, hosipaipu ya juu ya rejeta bado ni ngumu kama iliyojazwa upepo. Au ukiwasha, kwenye chupa ya maji yanatoka mapovu yasiyokoma. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Usifunge karavani siku hiyo.

Mshale wa dashibodi wenyewe nao usiuamini sana. Magari mengi ya kisasa yametengenezwa mshale ukae katikati bila kutikisika, ingawa chini yake joto linatofautiana kwa nyuzi nyingi. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kinachotuma namba kwenye simu. Gari langu likiwa peke yake linatembea kwenye 88 hadi 92. Siku ya kwanza kulipandisha Pichi Richi na karavani nilisoma 104, na mshale ulikuwa katikati, umetulia kama hakuna jambo.

Ukilazimika kusimama, toka barabarani kabisa. Kama maji bado yamo na hayavuji, usizime injini mara moja. Iache iungurume taratibu, hita ikiwa wazi mpaka mwisho na madirisha chini, ili maji yazunguke na joto litoke. Utaungua miguu lakini injini itapona. Kama maji yanamwagika, au taa nyekundu imewaka, zima. Na mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yaliyofungiwa kwa presha ya karibu baa moja hayachemki kwenye 100, yanafika 120 hivi yakiwa bado maji. Ukifungua, presha inaondoka na yote yanachemka kwa pamoja, yakikulenga usoni. Subiri mpaka uweze kuishika na kuifinya hosipaipu ya juu kwa mkono mtupu. Kwenye joto la kule ni dakika 40 au zaidi.

Gari la gia otomatiki lina joto la pili lisiloonekana kwenye dashibodi: oili ya giaboksi. Dalili yake ni gari kubadilisha gia huku na huku kila kilima, halafu harufu kama ya mkate ulioungua, halafu gia kuchelewa kuingia. Chanzo ni kuliacha kwenye D. Giaboksi ikikosa uamuzi, kilachi cha kufunga torki konveta, kile chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, kinaachia, na nguvu yote inapita kwenye oili inayokorogwa. Oili hiyo ikizidi 120, maisha yake yanakatika haraka. Chagua gia mwenyewe, moja chini ya ile gari linayoitaka, na ukae nayo.

Tairi limepasuka, au linakaribia

Huku tairi hupasuka kwa sababu ya joto la ndani, na joto hilo linatokana na tairi kukunjika na kukunjuka. Upepo mdogo au mzigo mkubwa huzidisha mkunjo. Kwa hiyo pima upepo asubuhi kabla jua halijagusa matairi, uandike, kisha pima tena baada ya saa moja ya barabara. Madereva wengi wa hapa wanafuata hesabu hii: tairi la gari dogo lisiongezeke zaidi ya PSI 4, tairi la mzigo lisizidi 6. Ulianza na 50 kwenye karavani na sasa unasoma 55? Endelea. Unasoma 62? Ulianza na upepo mdogo, au umezidisha mzigo, au unakimbia mno.

Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mtu anasoma 62, anaogopa, anatoa upepo hadi 50 tairi likiwa la moto. Sasa tairi lina upepo mdogo kuliko asubuhi, linakunjika zaidi, linachemka zaidi. Usitoe upepo kwenye tairi la moto wakati wa safari ya lami. Punguza mwendo hadi 80, na usiku, likipoa, sahihisha.

Upande mmoja ukisoma 2 au 3 zaidi ya mwingine kabla hata hujaondoka, angalia jua liko wapi kabla hujamlaumu fundi.

Halafu angalia umri. Ubavuni mwa tairi kuna kibonyeo chenye tarakimu nne: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Matairi ya karavani hufa kwa uzee kabla hayajafa kwa kuisha, kwa sababu yanakaa uani miezi kumi yakipigwa na jua huku meno yakibaki mapya. Mtu akikuuzia karavani akisema "matairi kama mapya", soma zile tarakimu mwenyewe. Yakipita miaka saba mimi sifungi safari nayo ya kiangazi, hata yawe yanang'aa.

Barabara ya vumbi, kama ile ya Blinman kushuka Parachilna au ya bonde la Brachina, inataka upepo upungue kwa robo hivi na mwendo usizidi 60. Ukirudi lami, jaza. Na kama karavani ni ya kukodi, soma mkataba kwanza. Nyingi haziruhusiwi kukanyaga vumbi.

Harufu ya girisi inayoungua, au gurudumu moja la moto

Hii ndiyo iliyonifika mimi. Tulisimama Hawker kununua barafu, tukiwa tumetoka Quorn, kilomita 65 hivi. Nina desturi, niliyorithi kwa matandiboi wa malori nyumbani, ya kuzunguka gari kila kituo na kusogeza kiganja karibu na kila habu. Tatu za karavani zilikuwa vuguvugu, za kuvumilika. Ya nne, kushoto nyuma, nilihisi joto lake kabla sijaifikia, kama unaposogeza mkono kwenye bamba la chapati. Kwenye kifuniko kulikuwa na mstari mwembamba wa girisi iliyogeuka maji, umekwenda mpaka kwenye rimu na kushika vumbi jekundu.

Sababu ni mbili tu, beringi au breki, na kuna njia ya kuzitenganisha. Piga jeki, funga kigingi magurudumu mengine, tenganisha plagi ya umeme ya karavani, kisha lizungushe gurudumu kwa mkono. Likisuasua na kukwaruza kwa mzunguko sawa, viatu vya breki vimegusa ngoma: vimekazwa mno, au sumaku ya breki imekwama. Likizunguka lakini linanguruma, au ukilishika juu na chini linacheza, ni beringi. Langu halikucheza hata kidogo, na hapo ndipo palikuwa na kosa. Lilikuwa limekazwa mno. Gereji niliyoipelekea karavani wiki moja kabla ilijaza girisi mpya na kukaza nati ya katikati kama nati ya tairi. Beringi ya namna hii hukazwa mpaka ikae, kisha hulegezwa hadi gurudumu lizunguke kwa uhuru lenye mchezo mdogo sana. Ikikosa nafasi ya kutanuka kwa joto, inajiua.

Nililegeza, nikatoa girisi iliyoungua, nikaweka mpya, nikaenda kilomita kumi na kurudi kushika tena. Vuguvugu. Tangu hapo nabeba seti moja kamili ya beringi, sili yake, kopo la girisi na pini za akiba, vyote ndani ya mfuko usiozidi kilo mbili. Kama hupendi kukaribisha mkono, kuna bunduki ndogo ya kupima joto kwa miale. Usitafute namba fulani. Linganisha gurudumu na gurudumu. Lililo tofauti na wenzake ndilo lenye kesi.

Baada ya kufungua gurudumu lolote, kaza nati tena ukifika kilomita 50, na tena 100.

Karavani inapiga mkia

Dalili huanza ndogo: mtikisiko wa kushoto kulia unaokuja lori likikupita. Kuanzia Port Augusta kwenda kaskazini kuna malori yenye matela matatu, urefu hadi mita 53.5, na ukuta wa hewa yake unaisukuma karavani kwanza halafu unaivuta. Mtikisiko ukitulia baada ya mara mbili, ni kawaida. Ukiendelea au kukua, mzigo umepangwa vibaya.

Kwanza, ufanye nini pale pale. Toa mguu kwenye mafuta. Usikanyage breki ya gari, kwa sababu karavani itaendelea kuja na kukupinda. Usipambane na usukani. Bonyeza breki ya karavani peke yake kwa ule mkono mdogo wa kontrola uliopo kwenye dashibodi. Karavani itavutika nyuma na kunyooka. Fanya zoezi hilo siku tulivu kwenye 40 kwa saa, ili kidole kijue njia bila kutafuta.

Chanzo karibu kila mara ni uzito wa nyuma. Karavani inataka takriban asilimia 10 ya uzito wake ukae kwenye gololi ya kuvutia. Ukining'iniza baiskeli nne na jenereta kwenye bampa la nyuma, umenyanyua pua yake. Kumbuka na maji: tangi la lita 90 ni kilo 90, na likiwa nyuma ya ekseli, kulijaza pekee kunaweza kubadilisha tabia ya karavani nzima. Pita mizani kabla ya safari, karavani ikiwa imepakiwa kama itakavyosafiri, na ulinganishe na bamba la chuma lenye uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Wengi wetu tumeshangaa pale.

Breki laini, au breki isiyoshika

Ukitoka Wilmington kushuka pengo la Horrocks kuelekea ghuba ya Spencer, barabara inateremka kwa kona, na ghuba inaonekana mbele kama kioo. Hapo watu hukanyaga breki tangu juu hadi chini. Kanyagio likizama na kuwa laini kama sponji, mafuta ya breki yamechemka na yametengeneza mvuke. Likibaki gumu lakini gari halipungui, vipedi vimeungua uso. Tiba ya yote mawili ni moja: teremka na gia ileile ambayo ungepandia, kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia, vipate nafasi ya kupumua. Ukishachemsha mafuta ya breki, yabadilishe hata kama kanyagio limerudi kuwa gumu.

Ukihisi unasukumwa mgongoni kila ukipunguza mwendo, breki ya karavani haifanyi kazi. Kwenye 30 kwa saa, bonyeza kontrola peke yake. Hakuna kinachokushika? Anzia kwenye plagi. Vumbi na kutu kwenye pini zake ni chanzo cha nusu ya malalamiko ya umeme ya karavani ninayoyasikia, na dawa yake ni brashi na spirei. Tela lililozidi kilo 750 lazima liwe na breki kwa sheria ya hapa, na likizidi kilo 2,000 lazima ziwe magurudumu yote pamoja na ile ya kujifunga likichomoka. Hilo siyo jambo la kuahirisha.

Friji haipoi, betri imekufa asubuhi

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu mara nyingi ni ugonjwa mmoja.

Uliza kwanza friji ni ya aina gani. Ile inayotumia gesi, umeme wa nyumbani na betri haina kompresa. Inapoza kwa kuchemsha kimiminika na kuacha mvuke upande, na inashusha joto nyuzi 20 hadi 25 hivi chini ya hewa ya nje. Nje kukiwa 42, ndani utapata 18. Haijaharibika, imefika mwisho wa uwezo wake. Isaidie: egesha upande wa friji kivulini, safisha matundu ya nyuma, weka feni ndogo ya kutoa hewa ya moto, na hakikisha karavani imesimama sawa. Ikiinama, kimiminika hakirudi kinakotakiwa. Ipoze tangu nyumbani siku moja kabla, na weka vitu ambavyo tayari ni baridi. Na usiiache kwenye betri mkiwa mmeegesha; inakula ampea 10 au zaidi na asubuhi hamtakuwa na taa.

Friji ya kompresa inapambana vizuri zaidi na joto, ila inataka volti. Ikizima na kuwaka mchana mkiwa njiani, pima volti pale ilipochomekwa, siyo kwenye betri. Ukikuta 12.8 kwenye betri na 11.4 kwenye friji, waya ni mwembamba kwa urefu ule. Kutoka altaneta hadi nyuma ya karavani ni mita nyingi, na kila mita ya waya mwembamba inakula volti. Weka waya mnene, au chaja ya kati (ile inayopandisha tena volti zinazotoka kwenye gari) iliyofungwa karibu na betri ya karavani. Usiifunge ndani ya boneti. Chaja hizo hujipunguza nguvu zenyewe zikipata joto, kisha mtu hulaumu betri.

Paneli za sola nazo hupungukiwa kwenye joto, kinyume na wengi wanavyodhani. Zinapimwa kiwandani zikiwa na nyuzi 25. Kwa kila nyuzi inayozidi zinapoteza asilimia 0.3 hadi 0.4, na paneli iliyolala juu ya bati la karavani hufika 65 au 70 bila shida. Inue kidogo, hewa ipite chini.

Mambo madogo

Pampu ya maji inanguruma na kukatika usiku ilhali hakuna bomba lililo wazi: kuna pahali panavuja, fuata unyevu chini ya sinki. Pampu inanguruma bila maji: chujio limejaa mchanga au imevuta hewa.

Mwali wa jiko umegeuka wa njano na unaacha masizi: buibui amejenga kwenye kichomeo. Safisha kabla hujapika tena, kwa sababu mwali wa njano unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Usizibe matundu ya hewa ya chini ya mlango ukiwa umelala ndani. Ukiyabandika utepe wa gundi kuzuia vumbi njiani, yafungue ukifika, kabla ya kugusa jiko.

Vumbi ndani ya kabati: fungua kidogo tundu la paa linalotazama mbele ukiwa njiani, hewa iingie kwa nguvu na kulisukuma vumbi nje.

Abiria wanachemka

Gari likisimama kwenye joto, nanyi mnaanza kuchemka. Mtoto anayelalamika kichwa, anayetapika, aliyelowa jasho: kivuli, maji kidogo kidogo, nguo zilowe, mpepee. Mtu aliyeanza kuchanganya maneno, mwenye ngozi ya moto, anayeyumba: huyo anaweza kufa. Mmwagie maji mwili mzima, hata ya kunywa, na piga 000. Port Augusta kuna kituo cha madaktari wanaokwenda kwa ndege, na ndege inawafikia watu huko porini kila siku.

Tunabeba lita 10 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na tangi. Usihesabu maji ya mbele. Mwaka 1865 George Goyder, mpimaji wa serikali ya koloni, alichora mstari kwenye ramani kuonyesha mahali mvua ya kutegemewa inapoishia. Miaka michache ya neema ilipofuata, wakulima waliuvuka kwenda kaskazini. Ukame wa miaka ya 1880 ukawavunja wengi, na kuta za mawe zilizobaki bila paa utaziona kutoka barabarani kati ya Quorn na Hawker.

Gari likigoma kabisa, msiondoke mkatembea kwa miguu. Gari linaonekana na ndege, mtu haonekani. Simu itakataa mara mkitoka mjini, kwa hiyo kuwe na redio ya mawasiliano ya UHF: chaneli 40 ndiyo ya malori, 18 ya wenye karavani, 5 na 35 ni za dharura pekee. Kifaa cha kutuma ishara kwa setilaiti ni bora zaidi. Kinauzwa na pia kinakodishwa. Inua boneti, tandika turubai upande wa karavani usio na jua, watoto wakae chini yake, na mtu mmoja abaki na redio akitaja jina la barabara na kilomita mlizotembea tangu mji wa mwisho. Kwa hiyo, kila mkitoka mjini, rudisha kaunta ya kilomita kwenye sifuri.